Mwenzako Mchina Akimwita Mkewe "He"

Januari 2000, American Dialect Society, chama cha wataalamu wanaofuatilia Kiingereza cha Marekani, kilipiga kura kuchagua neno la karne iliyokuwa ukingoni na neno la milenia nzima. Neno la karne likawa "jazz". Neno la milenia likawa "she". Wengine wangetarajia neno zito zaidi, lakini ukilifuatilia hili utakubali kwamba lilistahili. Miaka 1,000 kabla ya kura hiyo halikuwapo katika Kiingereza kwa umbo hilo, na leo ni nadra kumaliza ukurasa wa hadithi au wa gazeti bila kukutana nalo.

Naliandikia neno hili kwa ajili ya wasomaji wanaoishi na Kiingereza cha Wachina kila siku: wanafunzi wetu walio vyuo vya China wanaobadilishana lugha na wenzao, wakalimani kwenye miradi ya ujenzi, wahasibu na watunza stoo walio chini ya meneja Mchina. Mtu wa kundi hili hahitaji muda mrefu kabla ya kusikia sentensi kama "My wife is a doctor, he works in Shanghai". Aliyeitamka anaweza kuwa mhandisi aliyeanza Kiingereza shule ya msingi na anayeandika ripoti safi kuliko wengi wetu. Rafiki yake Mswahili hudhani hajui tofauti ya "he" na "she", kisha huketi kumfundisha sarufi ambayo mwenzake anaijua tangu utotoni. Hapo muda unapotea bure. Ujuzi anao. Kinachokosekana ni mazoea ya ulimi, na mazoea ya ulimi hayajengwi kwa maelezo.

Tuanze na lugha anakotoka. Katika Kichina sanifu, mtu wa tatu anatajwa kwa neno moja, tā. Mwanamume ni tā, mwanamke ni tā, hata kitu kinapotajwa ni tā. Sikio halipati kidokezo chochote. Kwenye karatasi mambo ni tofauti: 他 ya mwanamume ina upande wa kushoto alama ya mtu, 她 ya mwanamke ina alama ya mwanamke, na 它 ya kitu au mnyama ni herufi nyingine kabisa. Kwa hiyo mtoto wa Kichina anajifunza shuleni kutenganisha jinsia kwa kalamu, na maisha yake yote haitenganishi kwa mdomo. Ukitaka kuthibitisha, mwombe mwenzako aandike aya moja kwa Kiingereza kuhusu wazazi wake. Kwa kawaida utaona "he" na "she" zimekaa mahali pake. Dakika tano baadaye mwambie akusimulie habari ileile bila karatasi, uone zinavyopishana.

Tena herufi 她 kwa matumizi hayo ni ya juzi tu. Kwa karne nyingi 他 ilitosha kwa watu wote. Mwanzoni mwa karne ya 20, waandishi wa Kichina walipokuwa wakitafsiri riwaya za Ulaya, walikwama kila walipofika kwenye "she", maana msomaji alishindwa kujua nani anasema na nani anajibiwa. Wengine, akiwemo Lu Xun katika hadithi zake za mwanzo, walitumia neno jingine, yī. Liu Bannong, mshairi na mtaalamu wa lugha, ndiye aliyeipigania 她. Mwaka 1920, akiwa masomoni London, aliandika makala ya kuitetea, na mwaka huohuo akaitumia katika shairi la mapenzi ambalo Zhao Yuanren alilitungia muziki mwaka 1926 na ambalo Wachina wanaliimba mpaka leo. Walikuwapo wanawake walioikataa. Hoja yao ilikuwa nzito: mwanamume ameachiwa alama ya mtu, mwanamke ameondolewa, je yeye si mtu? Herufi ikashinda, lakini ilishinda kwenye maandishi peke yake. Wimbo huo wa Liu Bannong ukiusikia bila kuusoma, huwezi kujua kwa sikio kama anayekumbukwa ni mwanamke au mwanamume.

Msomaji wa Kiswahili ameshaona ninakoelekea. Sisi na Wachina tuko mtumbwi mmoja. "Yeye" yetu haina jinsia, na mara nyingi hatuitamki kabisa kwa sababu kiambishi a- kinatosha. Ndiyo maana mtu wetu naye, msomi kabisa, husema "Mama John said he is coming" na hasikii kosa. Chukua sentensi fupi: "Alimwambia atamsubiri." Maneno mawili tu. Mchina atasema "tā gàosu tā, tā huì děng tā", tā nne zinazofanana. Mwingereza lazima aseme "He told her he would wait for her", au kinyume chake. Ndani ya pumzi moja ameamua jinsia mara nne, huku sisi na Mchina hatujaamua hata mara moja. Dan Slobin, mwanasaikolojia wa lugha wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ana maelezo yanayofaa sana hapa. Anasema kila lugha humzoeza msemaji wake kuyaangalia mambo fulani katika ile nukta anayoandaa sentensi, na kuyaacha mengine. Mwingereza, akili yake imezoea kuuliza jinsia ya mtu kabla mdomo haujafunguka. Yetu haikuzoezwa hivyo. Tunajua vizuri kwamba Mama John ni mwanamke, lakini sentensi inapoandaliwa hakuna anayeuliza.

Hivyo Mswahili anayemsaidia Mchina ana faida ambayo Mwingereza hana: anaijua shida kutoka ndani. Ana hatari yake pia. Wawili hawa wakizungumza Kiingereza peke yao kwa miezi, kila mmoja anasikia "he" ya mwenzake ikitumika kwa wote na inaanza kumkaa sikioni. Kama mnabadilishana lugha, kubalianeni tangu mwanzo kwamba kosa hili hamtaliachia kupita.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Waingereza wenyewe waliwahi kufika tulipo sisi. Katika Kiingereza cha kale mwanamume alikuwa "he" na mwanamke "heo". Kadiri sauti za mwisho wa maneno zilivyofifia, katika maeneo mengi mawili hayo yakakaribiana mno, na kwingine yakawa neno moja. Wingi wao, "hie", nao ukawa unaelekea kulekule. Lugha iliyozoea kutenganisha ikajikuta haitenganishi, na wasemaji wakatafuta njia. Kwa wingi walichukua "they", neno la Waskandinavia waliokuwa wamehamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Kwa mwanamke likaibuka neno jipya, ambalo katika kumbukumbu za watawa wa Peterborough, zilizoandikwa katikati ya karne ya 12, linaonekana kama "scæ". Hiyo ndiyo "she" ikiwa changa. Kwingine halikufika upesi. Huko Lancashire wazee waliendelea kusema "hoo", mtoto wa "heo", karne nyingi baadaye. Na "her" tunayoitumia leo ni mabaki ya mfumo wa zamani, ndiyo maana ina h kama "he" na haifanani na "she" hata kidogo. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini "she" na "her" ni ndugu wasiofanana sura, mweleze hivyo.

Je, sauti ya sh ilitoka wapi? Wataalamu wana maelezo mawili makuu. La kwanza ni kwamba "she" inatokana na "seo", neno la kike la kuonyeshea, kama "huyu" au "yule". La pili ni kwamba "heo" ilitamkwa "hyo", kisha hy ikateleza ikawa sh. Mteremko huo umetokea kwingine: visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, Waskandinavia waliviita Hjaltland. Binafsi maelezo haya ya pili yananishawishi zaidi, na yanamhusu Mchina kuliko anavyofikiri.

Sababu ni hii. Kichina sanifu hakina silabi "hi". Kina ha, kina hu, lakini h na i hazikutani kamwe. Zamani zilikutana, kisha h iliyokuwa mbele ya i au y ikageuka kuwa ile sauti inayoandikwa x, ambayo kwa sikio la Mswahili iko kati ya s na sh. Mfano uko kwenye ramani. Mji ambao wenyeji wake wanaoongea Kikantoni wanautamka kwa h, nasi tunauita Hong Kong, kwa Kichina sanifu ni Xianggang, na herufi mbili zinazoandika jina hilo ni zilezile. Basi mwanafunzi anayeanza, hasa aliyejifunza kwa kusoma zaidi ya kusikiliza, anaweza kuitamka "he" kwa kuivuta kuelekea "xi" ya kwao, ukasikia "she" pale alipokusudia "he". Kabla hujamsahihisha jinsia, hakikisha kwanza shida si ya sauti. Mpe jozi za maneno yanayotofautiana hapo tu, kama "heat" na "sheet", "heap" na "sheep", umsikilize. Kama anayachanganya, mfundishe kuitoa h kooni kwa pumzi, ulimi ukiwa umelala, sio kwa ulimi kupanda juu ya kinywa. Sisi tunaosema "hii" na "shida" toka utotoni ni mfano mzuri wa kuigwa kwa hilo.

Kama sauti ni safi, basi ni mazoea, na hapo subira yako inahitajika.

Wengi husahihisha kwa kurudia sentensi ikiwa sahihi. Mwenzako anasema "My mother, he is a teacher", nawe unasema "Oh, she is a teacher", mazungumzo yanaendelea. Ni uungwana, lakini haisaidii sana. Roy Lyster na Leila Ranta waliwachunguza walimu wa madarasa ya Kifaransa nchini Canada na mwaka 1997 wakachapisha walichokiona: urudiaji wa namna hii ndio walioutumia zaidi, na ndio uliowafanya wanafunzi wachache zaidi wajirekebishe. Huenda wengi hawakugundua hata kwamba wamesahihishwa. Ni jambo la kueleweka, maana mtu anayesikia "Oh, she is a teacher" anadhani unashangaa kazi ya mama yake. Njia bora ni kumrudishia mpira. Mwulize kwa kifupi, "He?", halafu nyamaza. Atasita, atacheka kidogo, atasema "She!" mwenyewe. Ile nukta ya kujirekebisha kwa mdomo wake mwenyewe ndiyo inayojenga mazoea.

Fanya hivyo mkiwa wawili. Usifanye kwenye kikao, wala mbele ya walio chini yake. Mchina analinda sana heshima yake mbele za watu, kama sisi, na meneja aliyeumbuliwa kwa "he" moja mbele ya mafundi atarudi kuongea kupitia mkalimani na hatajaribu tena. Kwenye kikao, kama kuna hatari ya mtu kueleweka vibaya, taja jina la anayezungumziwa katika zamu yako ya kuongea. Inatosha.

Kwa mazoezi, kuna kosa ambalo vitabu vingi hulifanya: vinachanganya "he" na "she" tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nashauri kinyume. Mwambie mwenzako achague mwanamke mmoja anayemfahamu vizuri, mama au dada au shangazi, akusimulie kuhusu yeye tu kwa dakika mbili tatu: anaamka saa ngapi, anapika nini, aliolewa wapi. Kila sentensi ina "she" au "her". Rudieni siku kadhaa na wanawake tofauti mpaka "she" inatoka bila kufikiri. Kisha mwanamume, kwa namna ileile. Mkiwa mmefika hapo ndipo mwingize mume na mke katika hadithi moja, wakigombana, wakiambiana, wakingojana kama katika "Alimwambia atamsubiri". Ulimi utajikwaa tena, na ni sawa, kwa sababu sasa una kitu cha kurudia. Picha za familia zilizo kwenye simu zinafaa kuliko kitabu chochote. Mtu akimwona mama yake mbele ya macho, lile swali ambalo akili haikuzoea kujiuliza linajijibu lenyewe.

Kuna mtego mmoja unaostahili siku yake peke yake, nao ni "his" na "her" za umiliki. Sikiliza: "John and her wife came." Hapa msemaji alijua fika John ni mwanamume. Kilichomponza ni kwamba mdomo ulikuwa njiani kulitamka neno "wife", mwanamke, na "her" ikavutwa na kilicho mbele. Mchina anafanya hivyo, nasi pia, kwa sababu tā de yao na -ake yetu hazisemi chochote kuhusu mwenye mali. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa wana mzigo wa ziada, maana Kifaransa hufuata jinsia ya kinachomilikiwa: mke wa John ni "sa femme", kwa umbo la kike. Kiingereza hakiangalii mbele, kinaangalia nyuma kwa mwenye mali. Mfunze mwenzako kujiuliza swali moja kila anapofika hapo: wa nani? Mke wa nani? Wa John. Basi "his wife". Sentensi nzuri ya kurudia kila siku ni "She loves her father and he loves his daughter". Ni fupi, na ina mtego huo kwa pande zote mbili.

Wanyama tuwapitie haraka. Mswahili anamwona mbwa kama kiumbe hai, "mbwa amekuja", hivyo husema "he" kwa kila mbwa. Mchina kwenye maandishi humpa herufi ya vitu. Kiingereza kinasema "it" kwa mbwa wa barabarani, na "he" au "she" kwa mbwa mwenye jina na mwenyewe. Mtoto mchanga kumwita "it" mbele ya mama yake kunaweza kuudhi, isipokuwa katika swali la kawaida la kama ni wa kiume au wa kike. Meli, kwa desturi ya mabaharia wa Kiingereza, ni "she". Lloyd's List, gazeti la habari za meli lililoanza London mwaka 1734, liliachana na desturi hiyo mwaka 2002 na kuanza kuziita "it". Anayefanya kazi bandarini aielewe "she" anapoisikia kwa nahodha, lakini akiandika atumie "it". Nchi nazo ziliitwa "she" katika Kiingereza cha zamani. Wachina bado huiandika nchi yao kwa 她 wanapoizungumzia kwa mapenzi, hivyo usishangae mwanafunzi wako akisema "China and her people". Si kosa, ila ina harufu ya hotuba.

Na pale jinsia isipojulikana? Vitabu vya zamani vilifundisha "he or she", na sentensi ikawa nzito kama gunia. Waingereza wametumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14, na leo ni kawaida kabisa: "Someone left their bag." Hapa ndipo Mchina na Mswahili wanapopumua, kwa sababu hatimaye Kiingereza kinafanya kama tā na kama a-. "Mtu amesahau mkoba wake." Mkumbushe tu kwamba kitenzi kinabaki cha wingi, "they are", hata mtu akiwa mmoja. Wapo pia watu wanaochagua kuitwa "they" wao wenyewe, na mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster iliifanya "they" neno la mwaka kwa sehemu kwa sababu hiyo. Mtu akikuambia hivyo, mfuate. Lakini usiifanye "they" kichaka cha kujificha usijifunze "she". Mwanafunzi anayemwita "they" mama yake mzazi, anayemjua vizuri, atamchanganya msikilizaji.

La mwisho ni majina, na hili linatuhusu sana kazini. Mchina hana namna ya kujua Bahati ni mwanamke au mwanamume. Wala Amani, wala Riziki, wala Furaha. Sisi wenyewe tunasubiri kumwona mtu. Kwa upande wetu, jina la Kichina halitupi kidokezo mpaka tuwe tunazisoma herufi zake, na hata hapo si mara zote. Kumbuka pia kwamba jina la ukoo hutangulia: Liu Bannong ni wa ukoo wa Liu, kwa hiyo barua inayoanza na "Mr Bannong" imekosea. Usipojua jinsia ya unayemwandikia, andika jina lake lote bila "Mr" wala "Ms". Na unapomtambulisha mfanyakazi mpya kwa meneja Mchina, usiishie kwenye jina. Weka kiwakilishi ndani ya sentensi ya kwanza, ukitamke kwa uwazi: "This is Bahati. She is our new accountant, and her office is downstairs." Umempa sikio lake "she" moja na "her" moja kabla hajahitaji kuzitafuta mwenyewe. Naye mwombe akutendee vivyo hivyo anapokutajia mgeni anayekuja kutoka Beijing.